Mashine ya Majina ya Zahanati

Kila siku baada ya masomo, Chapu hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwanza kwenye karakana ya mjomba wake, chumba kimoja kilichokuwa nyuma ya duka la madaftari na kalamu. Humo ndani mlikuwa na kila kitu ambacho watu wengine wangekitupa: kibodi zilizong'oka herufi, feni isiyo na kifuniko, nyaya zilizofungana mafundo, na kompyuta za zamani zilizopangwa ukutani mpaka karibu na dari. Mjomba alikuwa fundi wa mitandao ya kompyuta. Alipenda kusema kwamba hakuna mashine iliyokufa, zipo zilizolala tu. Mkewe alimjibu kwamba basi hizo zake zimelala usingizi wa pono.

Chapu halikuwa jina lake la shuleni. Bibi yake alimpachika jina hilo kwa sababu kila alichotumwa alikifanya chapuchapu, na mara nyingine chapuchapu kupita kiasi. Mama yake akirudi kazini na kumuuliza kama ameosha vyombo, jibu lilikuwa tayari mdomoni: "Nimeshaosha." Mama akiingia jikoni alivikuta ndani ya beseni, vimelowekwa, povu juu.

"Hivi ndivyo vilivyooshwa?"

"Si vimebaki kusuuzwa tu, Mama."

Chapu hakuona kwamba huo ni uongo. Kwake yeye, kazi iliyoanzwa ilikuwa sawa na kazi iliyokwisha, maana mwisho wake alikuwa ameshauona kichwani.

Binti wa mjomba, waliyekuwa naye darasa moja, aliitwa Wakili. Huyo hakuamini neno la mtu mpaka apate ushahidi. Ukimwambia mvua inanyesha, alitoka nje kwanza akarudi na nywele zimelowa, ndipo akakubali.

Siku moja wasichana hao wawili waliingia karakanani wakamkuta Mjomba ameshika tama mbele ya kompyuta yake.

"Shikamoo Mjomba," alisema Chapu.

"Marahaba. Wekeni mabegi, leo nina kazi yenu."

Kazi yenyewe ilihusu zahanati ya mtaa wao. Mama yake Chapu alikuwa muuguzi pale, na chumba cha chanjo kilikuwa chini yake. Zahanati ilikuwa na kompyuta mapokezi, maabara na kwenye chumba cha dawa, na zote ziliunganishwa ili daktari asome majibu ya vipimo bila kumtuma mgonjwa na karatasi mkononi.

"Kompyuta hazijuani kwa majina," Mjomba alieleza. "Zinajuana kwa namba ndefu. Sisi watu ndio tunaotaka majina. Kwa hiyo pale zahanati kuna mashine moja ndogo ndani ya kabati. Kompyuta ya mapokezi ikitaka kuzungumza na ya maabara, inaiuliza kwanza mashine hiyo: maabara ni namba gani? Ikishajibiwa, ndipo mazungumzo yanaanza."

"Kama mlinzi wa shuleni kwetu," alisema Chapu. "Mgeni anataja jina la mwalimu, mlinzi anamwonyesha chumba."

"Hasa. Sasa niambieni, mlinzi wetu huyo anayaweka wapi majina anayoyajua?"

Hapo ndipo penye tatizo. Fundi aliyeifunga mashine ile mwanzoni alikuwa ameyaweka majina ndani ya hifadhidata kubwa, yaani programu nzito ya kutunza taarifa, ya aina inayotumiwa na ofisi zenye maelfu ya wateja. Majina ya zahanati hayakujaza hata ukurasa mmoja. Ilikuwa sawa na kukodi lori ili kubeba begi la shule. Kila umeme ulipokatika na kurudi, hifadhidata hiyo ilijikagua kwa muda mrefu kabla ya kuanza kazi, na kimashine chenyewe kilikuwa na nguvu kidogo. Wakati huo wote kompyuta zilikuwa zikiuliza bila kujibiwa, na wagonjwa wakiwa wamekaa kwenye benchi wakitazamana.

"Nataka ghala jepesi la majina," Mjomba alisema. "Nimepata programu mbili. Moja inaweka kila kitu ndani ya faili moja. Nyingine sifa yake ni kasi. Zote mbili sijawahi kuzitumia, na waliozitengeneza wamezimwagia sifa tu. Kwa hiyo tutazipima. Wakili achukue hili la faili moja. Chapu, wewe chukua la kasi."

Wakili akacheka. "Hata kugawa hukujisumbua kufikiri, Baba."

Mjomba akawapa mashine mbili za zamani, zinazofanana na ile ya zahanati, akawaambia mambo ya kuangalia. Kwanza, waone ghala linajibu haraka kiasi gani. Pili, waone linakula nguvu kiasi gani ya mashine. Hayo yalikuwa mepesi. La tatu alilisema akiwa ameinua kidole.

"Mtaingiza jina jipya, na ghala likisema limeliweka, hapo hapo mnachomoa plagi ukutani. Msizime kistaarabu. Chomoeni kama umeme uliokatika. Halafu mnawasha na kutazama kama lile jina lipo. Mtarudia tena na tena, mara nyingine mapema, mara nyingine mkichelewa kidogo. Umeme wa mtaa huu hauombi ruhusa ukitaka kuondoka."

Ghala la Chapu lilikuwa la kupendeza kweli. Ukiingiza jina, kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe lilikuwa limeshajibu kwamba limeweka. La Wakili lilisitasita kidogo kila mara, kama mtu anayetafuta miwani. Chapu alifurahi mpaka akaona fahari. Alijiwazia Mama akiwaambia wauguzi wenzake kwamba ile mashine ya kabatini, iliyokuwa ikiwatesa, sasa inakimbia, na aliyeichagulia ghala ni binti yake.

Lakini jaribio la tatu lilichosha. Uchomoe plagi, uchomeke, usubiri mashine iamke, utazame, uingize jina jingine, uchomoe tena. Chapu aliingiza jina la kwanza, na kabla hajachomoa akasikia wenzake wakimwita nje kwamba timu ya mpira wa pete imepungukiwa na mtu. Akatoka mbio. Aliporudi, jasho linamtiririka, alikumbuka plagi. Akachomoa, akawasha, akatazama. Jina lilikuwepo, salama salimini.

"Si unaona," alijiambia. Alichukua begi lake akaenda nyumbani.

Kesho yake Mjomba alikuwa amevaa kofia yake ya pikipiki, simu sikioni. Daktari wa zahanati alikuwa akimhimiza. Kulikuwa na kompyuta mpya ya chumba cha chanjo ya kufungwa, na mashine ya kabatini ilikuwa imekwama tena tangu asubuhi. Mjomba alifunika simu kwa kiganja.

"Chapu, la kwako vipi? Ulichomoa?"

"Nilichomoa sana, Mjomba. Halikupoteza kitu."

"Sana ni mara ngapi?" aliuliza Wakili, ambaye alikuwa bado ameinama mbele ya mashine yake, plagi mkononi.

"Sana ni sana."

"Ulichomoa mapema au ulichelewa?"

"Wakili, hapa si mahakamani," alisema Mjomba kwa haraka. "Wewe umemaliza?"

"Bado, Baba."

Mjomba akarudi kwenye simu. "Daktari, ghala limepatikana. Nakuja." Siku hiyo hiyo alilifunga ghala la kasi kwenye mashine ya zahanati. Jioni Mama alirudi nyumbani akicheka peke yake. Alimshika Chapu shavu na kusema kwamba umeme ulikuwa umekatika baada ya Mjomba kuondoka, ukarudi, na mashine ikaanza kujibu bila kuwasubirisha.

"Nimewaambia wote ni kazi ya mwanangu," alisema. "Kesho mjomba wako anakuja kuifunga kompyuta ya mezani kwangu. Friji la chanjo litakuwa linaniletea lenyewe habari ya joto lake kwenye skrini. Nitaacha kukimbia chumba cha nyuma kila saa kuchungulia kipimajoto."

Chapu alilala akiwa na furaha, ingawa kuna kitu kilimtekenya kidogo moyoni kila alipokumbuka neno "sana".

Siku iliyofuata, wasichana walikuwa karakanani peke yao Mjomba alipopiga simu ya karakana. Chapu akaipokea.

"Mwambie Wakili asifunge karakana," alisema Mjomba, na nyuma yake pikipiki ilikuwa ikinguruma. "Nimemaliza hapa. Nimeingiza jina la kompyuta ya chanjo sasa hivi, limekubali bila tatizo, na friji limetuma joto mara moja. Sasa nakwenda kufunga mtandao kwenye paa la shule moja, nitarudi baadaye." Akakata.

Chapu alirudi kwenye mashine yake ya majaribio. Hakuwa na kazi, alikuwa akimringishia Wakili tu. Aliingiza majina ya wachezaji wote wa timu yao kana kwamba ni kompyuta, na kila jina ghala likajibu papo hapo kwamba limeweka. Mara taa ya darini ikafifia, ikazimika, ikawaka tena. Ulikuwa ni ule umeme wa kukonyeza, unaoondoka na kurudi kabla mtu hajaulalamikia. Feni ikaanza upya kuzunguka. Mashine nazo zikaanza kuamka.

Chapu akatazama orodha yake. Hakukuwa na mchezaji hata mmoja.

"Wamekwenda wapi?" aliuliza Wakili.

"Labda sikubonyeza vizuri."

"Wote?"

Chapu aliisogelea mashine. Aliingiza jina moja, ghala likasema limeweka, akachomoa plagi hapo hapo. Alipowasha, jina halikuwepo. Akaingiza jingine, safari hii akangoja wakati Wakili akienda kunywa maji na kurudi, ndipo akachomoa. Jina lilikuwepo. Akarudia la haraka, likapotea. Akarudia la kungoja, likabaki.

"Haliandiki," alisema polepole. "Linasema limeweka, kumbe bado limeshika kichwani. Linaandika kwenye diski baadaye, likipata nafasi. Umeme ukikatika kabla halijaandika, linasahau."

"Na juzi ulipochomoa sana?"

Chapu alitazama sakafu. "Nilichomoa mara moja. Baada ya mpira."

Wakili hakucheka wala hakusema nilijua. Alikunja uso, akifikiri. "Baba ameingiza jina la chanjo sasa hivi tu," alisema. "Na umeme huu wetu na wa zahanati ni laini moja."

Mambo mengine Chapu aliyaunganisha mwenyewe. Friji la chanjo linaitafuta kompyuta ya Mama kwa jina. Kama mashine ya kabatini imelisahau jina hilo, friji linauliza, linaambiwa hakuna mtu kama huyo, na habari yake haimfikii. Skrini ya Mama itabaki na kipimo cha mwisho ilichopokea, cha kijani, kizuri. Na umeme wa kukonyeza ndio uleule uliokuwa ukilizima friji siku za nyuma, maana kifaa chake cha kulilinda hujifunga mpaka mtu akibonyeze kwa mkono. Siku za nyuma Mama alikuwa akienda kuchungulia. Leo ameambiwa asihangaike.

Alimpigia Mjomba. Simu iliita mpaka ikachoka. Mtu aliye juu ya paa hana mkono wa kupokelea simu.

"Mpigie mama yako," alisema Wakili.

Chapu aliishika simu bila kubonyeza. Ilikuwa rahisi kujiambia kwamba labda zahanati umeme haukukonyeza. Labda friji halikuzimika. Labda Mjomba angerudi mapema na kulirekebisha jambo kimyakimya, na Mama asijue kamwe. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Jana tu Mama alikuwa amemshika shavu.

"Nikimpigia atajua nilidanganya."

"Ndiyo," alisema Wakili. "Atajua."

Chapu akabonyeza.

"Halo, mwanangu. Umekula?" Nyuma ya sauti ya Mama kulikuwa na watoto wanaolia, na mtu akiuliza foleni inaanzia wapi.

"Mama, umeme umekonyeza huko?"

"Kidogo tu. Umesharudi."

"Nenda ukaangalie friji."

"Friji liko sawa, nalitazama hapa kwenye skrini. Kijani kabisa. Mjomba wako kafanya kazi nzuri."

"Kijani hicho ni cha zamani, Mama. Friji halikupati tena. Usiiamini hiyo skrini."

Mama akashusha pumzi. "Chapu, nina foleni mpaka nje. Umehakikisha, au ni kama vile vyombo vyako vilivyobaki kusuuzwa?"

Chapu alifunga macho. Hapo ndipo alipolihisi jambo ambalo hajawahi kulihisi: kwamba ana neno la kweli mdomoni, la haraka, la maana, na mtu anayempenda kuliko wote halichukulii uzito. Hakuweza kumlaumu. Ni yeye mwenyewe aliyelipunguza uzito, siku baada ya siku, jikoni.

"Friji sijalihakikisha, siko huko," alisema. "Nilichohakikisha ni kwamba ghala nililolichagua mimi linapoteza majina. Nimelijaribu sasa hivi, mara kadhaa, Wakili ameona. Jana nilimwambia Mjomba nimelipima sana. Nilidanganya, Mama. Nililipima mara moja, tena vibaya."

Mtoto hakiri kosa la namna hiyo kwa mchezo, na Mama alilijua hilo.

"Subiri," alisema.

Chapu alisikia simu ikiwekwa mezani. Alisikia viatu vya Mama vikienda kwa haraka, mlango ukifunguliwa, kisha mtoto fulani akilia na mama yake akimbembeleza. Wakili alisogea akaweka sikio lake upande wa pili wa simu. Walisimama hivyo, vichwa vimegusana. Kwa Chapu ilikuwa kama Mama amekwenda mji mwingine.

Viatu vikarudi.

"Lilikuwa limezimika," alisema Mama. Alikuwa akihema. "Kimya kabisa. Joto limeanza kupanda, lakini bado halijafika kwenye mstari mwekundu. Nimebonyeza, sasa linanguruma. Nitakuwa nikienda mwenyewe kutazama mpaka mjomba wako arudi. Tutaongea nyumbani." Kisha, baada ya kusita, akaongeza, "Umefanya vizuri kupiga."

Chapu akaweka simu chini, akakaa juu ya kasha la nyaya na kulia.

Mjomba alirudi na vumbi la paa kwenye nguo. Chapu alimweleza yote akiwa amesimama, bila kuruka kitu, hata habari ya mpira wa pete. Mjomba alivua kofia, akaketi, akaishika mapajani akiizungusha. Chapu aliona heri angefokewa.

"Kosa hili tumegawana," alisema mwishowe. "Wakili aliuliza swali la maana, nikamnyamazisha kwa sababu nilikuwa na haraka ya kumfurahisha daktari. Hilo ni langu. Lako unalijua."

"Ndiyo, Mjomba."

"Unajua kwa nini ghala lako lilikuwa na kasi kuliko la mwenzako? Kwa sababu linatoa jibu kabla ya kufanya kazi. La Wakili linasitasita kwa kuwa linaandika kwanza, linahakikisha, ndipo linasema nimeweka. Si bovu hilo la kwako. Kuna kazi linazifaa, ambazo jina likipotea hakuna anayeumia. Zahanati si mojawapo."

"Kwa hiyo tuweke la Wakili," alisema Chapu.

"Bado hatujui. La Wakili nalo halijamaliza kupimwa."

Wakili akafungua mdomo, lakini Mjomba akamwahi. "Na hutamaliza wewe. Mtu hapimi vizuri kitu anachotaka kishinde. Nimejifunza leo. Atakayelipima ni Chapu."

Chapu alishtuka. Alidhani asingeruhusiwa tena kuigusa plagi ya karakana ile. "Mjomba, basi Wakili akae nami atazame."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kwa sasa neno langu peke yake halitoshi."

Mjomba akaitikia kwa kichwa. Alipanda pikipiki kwenda zahanati kuliingiza upya lile jina na kukaa nalo mpaka lilipoandikwa kweli. Kabla ya kuondoka alimwambia Chapu kwamba kukiri kwake kumeokoa chanjo, lakini asijidanganye kwamba kukiri ni sawa na kutokosea.

Nyumbani Mama hakugomba. Aliuliza tu ilikuwaje, akasikiliza, kisha akaendelea kukunja nguo. Wala hakumshika shavu. Chapu aliosha vyombo, akavisuuza, akavifuta, akavipanga, na hakumwambia mtu kwamba ameviosha. Aliona afadhali vionekane vyenyewe.

Siku zilizofuata walichomoa plagi mpaka Mjomba akalalamika kwamba tundu la ukutani linalegea. Waliingiza jina na kuchomoa hapo hapo, waliingiza na kungoja, waliingiza wakachomoa katikati kabla ghala halijajibu. Kila ghala liliposema limeweka, jina lilikutwa. Likikatizwa kabla ya kusema, mara nyingine jina halikuwepo, lakini hapo halikuwa limeahidi kitu. Wakili alitafuta kasoro kwa juhudi zaidi kuliko Chapu, ingawa ghala lilikuwa la kwake. Walikuta kasoro moja tu, kwamba linachelewa kidogo. Mjomba alipoona alisema kwamba zahanati yenye kompyuta za kuhesabika haitauona ucheleweshaji huo hata ikiutafuta kwa tochi.

Siku ya chanjo iliyofuata haikuwa siku ya shule. Mjomba aliingia chumba cha nyuma, kwenye kabati la mashine, kulifunga ghala la faili moja, na Chapu akaruhusiwa kukaa kwenye kiti karibu na meza ya Mama. Foleni ilikuwa ndefu. Akina mama walikuwa wamebeba watoto wachanga waliofunikwa vizuri, wengine wamelala, wengine wanatazama dari kwa mshangao.

Mama mmoja kijana alipofikiwa na zamu yake, hakukaa mara moja.

"Dada, samahani," alisema kwa sauti ya chini. "Nimesikia kwamba friji lenu lilizimika. Hii dawa ni nzima kweli?"

Chapu alihisi uso unamchoma. Mama hakumtazama binti yake. Alimtazama yule aliyeuliza.

"Lilizimika, ni kweli. Niliangalia kipimajoto kwa macho yangu kabla ya kuliwasha, na joto halikuwa limefika pabaya. Tukaziangalia chupa moja moja na daktari. Ni nzima."

Yule mama aliitikia kwa kichwa, akaketi, akamfunua mtoto wake paja. Mtoto alitazama sindano bila wasiwasi wowote, akachomwa, akanyamaza kidogo kwa mshtuko, kisha akaangua kilio kilichowaamsha wenzake. Mama yake akamweka begani, akashukuru, akatoka.

Mama alinawa mikono. Akiwa bado anaifuta, alisema kwa sauti ambayo Chapu peke yake ndiye aliyeisikia.

"Umemwona? Hakuuliza mara ya pili. Friji hajaliona, kipimajoto hajakiona, chupa haijui ilikotoka. Amenipa paja la mwanawe kwa sababu nimemwambia nimeangalia. Na mimi hivyo hivyo. Hiyo mashine yenu ya kabatini siielewi, na sitaielewa. Nilikaa hapa nikidunga watoto kwa amani kwa sababu wewe ulisema umepima. Ukisema umefanya jambo, mwanangu, ujue kuna mtu anaweka mtoto wake juu ya neno hilo, hata kama wewe humwoni."

Kutoka kwenye chumba cha nyuma Mjomba aliita kwamba ghala limeshafungwa na majina yote yanajibu. Mama akamtazama Chapu, akingoja.

"Mama," alisema Chapu, "karakanani tumelipima vizuri. Hapa zahanati bado hatujalipima. Foleni ikiisha, naomba nichomoe plagi."

"Foleni ikiisha," alisema Mama. Alimshika shavu kwa mkono ambao bado ulikuwa na ubaridi wa maji, kisha akamwita mtoto mwingine.